Nyumba 12 za Rock: kibali cha halmashauri na sharti lililoshika bei

Kijiji cha Rock kiko kaskazini mwa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, pale mto Camel unapoingia baharini. Ng'ambo ya maji ni Padstow, mji wa wavuvi wa tangu zamani, na kivuko kidogo hupeleka watu na kuwarudisha. Maji yakitoka, mchanga unabaki wazi mpana kiasi kwamba mbwa na watoto huonekana kama nukta. Juu kidogo kuna uwanja wa gofu ulioanza 1890, na katikati ya uwanja huo kuna kanisa dogo la St Enodoc. Kanisa hilo lilifukiwa na mchanga wa upepo miaka mingi, hadi ikawa kasisi anashushwa kupitia tundu la paa mara moja kwa mwaka ili aendeshe ibada na kanisa lisipoteze haki zake. Walilifukua mwaka 1864.

Kufikia miaka ya 2000, kilichokuwa kinakifunika kijiji hicho ni bei ya nyumba. Matajiri kutoka London walikuwa wamenunua nyumba za mapumziko, wiki chache za kiangazi zimejaa magari na mashua, kisha Novemba unapita barabarani jioni na madirisha mengi ni giza. Bei za Rock zilipanda mpaka zikawa miongoni mwa za juu kabisa katika pwani yote ya Uingereza. Wakati huohuo mishahara ya Cornwall ilikuwa chini ya wastani wa taifa, na eneo zima lilikuwa limewekwa na Umoja wa Ulaya, kuanzia 2000 hadi 2006, katika kundi la maeneo maskini yanayostahili misaada ya kuinua uchumi. Kwa hiyo fundi umeme anayetengeneza nyumba za wageni, au mama anayezifagia, alikuwa anafanya kazi Rock na hana njia ya kupata mlango wake mwenyewe hapo Rock.

Nyumba za halmashauri, ambazo zamani zingewasitiri, nyingi zilikuwa zimeuzwa. Sheria ya Nyumba ya 1980 iliwapa wapangaji haki ya kuzinunua kwa punguzo kubwa. Aliyenunua alifaidika, na sina kinyongo naye. Lakini akiuza, kwenye kijiji kama hiki, mnunuzi anayefuata mara nyingi si mtoto wa jirani.

Kisa ninachokichambua ni cha nyumba 12 tu. Nimekichagua kwa makusudi, kwa sababu udogo wake unaonyesha wazi kitu ambacho kwenye miradi mikubwa hufunikwa na maneno mengi: halmashauri inapopitisha ujenzi kijijini, muhuri ni sehemu moja ya kazi, na sehemu iliyobaki ni nani atashika thamani inayozaliwa na muhuri huo.

Shamba na haki ya kulijenga

Msomaji aliyezoea mambo ya kwetu anahitaji kwanza kuelewa jambo moja la Uingereza. Tangu Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya 1947, mwenye shamba anamiliki ardhi yake, lakini haki ya kuijenga hanayo mkononi. Lazima aiombe. Halmashauri nyingi huchora mpaka kuzunguka vijiji, na nje ya mpaka huo jibu la kawaida kwa anayetaka kujenga nyumba ni hapana. Matokeo yake ni kwamba ekari mbili zilizotenganishwa na ua wa miti tu zinaweza kuwa na bei zisizofanana hata kidogo. Moja ni malisho, nyingine ni kiwanja. Aliyezipandisha bei au kuzishusha ni afisa aliyechora mstari.

Ndani ya utaratibu huo kuna mlango mdogo uliofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Halmashauri inaweza kuruhusu nyumba kwenye ardhi ya pembeni mwa kijiji, ambayo kwa kawaida isingeruhusiwa kamwe, kwa sharti moja: ziwe nyumba za bei nafuu kwa wenye uhusiano na mahali hapo, na zibaki hivyo daima. Mwongozo wa serikali wa Novemba 2006 kuhusu nyumba uliuthibitisha mlango huo. Kwa kuwa ardhi hiyo haiwezi kujengwa kwa njia nyingine yoyote, mwenye shamba hawezi kudai bei ya kiwanja cha kifahari. Lakini anaweza kupata zaidi ya bei ya malisho. Katikati ya bei hizo mbili ndipo makubaliano yanapopatikana.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu wengi hupapita haraka. Mlango huu unafanya kazi pale tu mwenye shamba anapoamini kwamba halmashauri haitabadilika. Akihisi kwamba mpaka wa kijiji utasogezwa miaka kumi ijayo, atakaa na shamba lake akisubiri. Nani angemlaumu? Kwa hiyo ugumu wa halmashauri katika kukataa maombi mengine ndio unaowezesha maombi haya kufanikiwa. Diwani anayelegeza kamba leo kwa ajili ya rafiki mwenye hoteli anaharibu mradi wa nyumba za wenyeji ambao bado haujaandikwa popote.

Watu kabla ya ramani

Rock iko ndani ya parokia ya St Minver Lowlands. Neno parokia lisikupotoshe. Lilitoka kanisani, lakini leo ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa Uingereza, yenye baraza dogo la wanakijiji waliochaguliwa, bila ofisi kubwa wala bajeti nene. Ukitaka kulifananisha, lifananishe na serikali ya kijiji.

Mpango haukuanzia kwa mwekezaji. Ulianza na watu wa parokia, wakiwemo wenye ujuzi wa ujenzi, walioona vijana wao wakihama. Wakaunda chombo chao cha kisheria, Amana ya Ardhi ya Jamii ya St Minver, chombo kinachoshika ardhi kwa niaba ya jamii na kisichogawana faida. Wakati huo wazo hili lilikuwa bado changa kiasi kwamba sheria ya Uingereza haikuwa na maana rasmi ya amana ya ardhi ya jamii. Maana hiyo ilikuja kuandikwa katika Sheria ya Nyumba na Uhuishaji ya 2008, nyumba za Rock zikiwa zinajengwa.

Mwenye ardhi mmoja wa hapohapo alikubali kuuza. Bei ilikuwa paundi 10,000 kwa kila kiwanja, yaani paundi 120,000 kwa viwanja vyote 12. Kwa malisho ni bei nzuri mno. Kwa kiwanja cha Rock kilicho huru, ni bei ambayo dalali asingeiamini. Mimi namheshimu mtu huyo, na pia nasema wazi kwamba mfumo haupaswi kutegemea roho nzuri ya mtu mmoja. Kilichomsaidia kuwa mwema ni kwamba sheria ilikuwa imemfungia njia ya tamaa.

Angalia mpangilio wa hatua. Kwanza watu wamejulikana, ni akina nani wanaohitaji. Halafu bei ya ardhi imefungwa. Ndipo mchoro ukaenda kwa halmashauri. Maombi mengi ya ujenzi wa vijijini huenda kinyumenyume: mchoro kwanza, kibali kikipatikana bei ya ardhi inaruka, kisha inaonekana hesabu haziruhusu tena nyumba za bei nafuu. Mwendelezaji, yaani anayejenga nyumba ili aziuze kwa faida, anarudi halmashauri na vitabu vyake vya hesabu kuomba apunguziwe sharti. Hilo limetokea Uingereza mara nyingi mno, na kila mara wanakijiji wanaambiwa ni hali ya soko.

Meza ya kamati

Halmashauri ya Wilaya ya North Cornwall ndiyo iliyokuwa na mamlaka ya kuamua. Utaratibu wa Uingereza kwa maombi kama haya unajulikana. Tangazo linabandikwa kwenye nguzo karibu na kiwanja, majirani wanapewa siku 21 kutoa maoni, baraza la parokia linaulizwa, mamlaka ya barabara inaulizwa kama njia ya kuingilia ni salama, kampuni ya maji inaulizwa kama mabomba yatabeba. Maombi ya nyumba 10 au zaidi huhesabiwa kuwa makubwa, hata kama kwa macho ni kipande cha shamba tu, na muda wa kuamua ni wiki 13 badala ya 8. Nyumba 12 zilivuka mstari huo.

Mwisho, afisa mipango anaandika taarifa na kupendekeza. Sheria ya mwaka 2004 inasema uamuzi ufuate mpango wa maendeleo wa eneo, isipokuwa kuna sababu nzito za kimipango za kuuacha.

Sababu nzito za kimipango ni zipi? Hapa ndipo mijadala ya vijijini huchemka. Jirani anaweza kusema magari yatazidi barabarani, maji ya mvua yatatiririkia kwake, au dirisha jipya litachungulia chumba chake cha kulala. Hoja hizo zinapimwa. Lakini akisema thamani ya nyumba yake itashuka, au hataiona tena bahari kutoka sebuleni, hoja hizo hazina uzito mbele ya sheria ya mipango ya Uingereza. Hata awe na hasira kiasi gani. Mimi naliona hilo ni jambo la haki kubwa sana, na natamani lingefahamika zaidi. Kwenye kijiji ambacho wenye nyumba za thamani kubwa wana mawakili na muda wa kuandika barua, kanuni hiyo ndiyo inayomfanya mhudumu wa hoteli awe na sauti sawa mezani.

Tena maombi haya yalikuja na jina la kijiji. Diwani anayepigia kura maombi ya kampuni ya mbali anasikia manung'uniko ya kijiji mgongoni. Anayepigia kura maombi ya wanakijiji wenyewe, yenye orodha ya familia zinazohitaji, yuko katika hali nyingine kabisa. Hapo kukataa ndiko kunakohitaji ujasiri.

Halmashauri iliyotoa pia pesa

North Cornwall haikuishia kwenye kibali. Ilitoa ruzuku ndogo ya paundi 5,000 kuisaidia amana kuanza, kisha mkopo wa paundi 544,000 usio na riba kugharamia ujenzi. Hizo paundi 5,000 usizidharau. Amana changa haina hata pesa ya kumlipa mwanasheria aandike katiba yake, na vikundi vingi vya aina hii hufia hapo, kabla ya jiwe la kwanza. Ule mkopo mkubwa ulikuwa na akili yake: pesa zingetoka halmashauri, zijenge nyumba, kisha kila mwenye nyumba akipata mkopo wake wa benki nyumba ikikamilika, deni la halmashauri lilipwe. Pesa ya umma ilikuwa kwenye hatari kwa muda, lakini haikupotea.

Kuna anayeweza kuuliza, na ana haki kuuliza: halmashauri inayokopesha mradi inawezaje kuupima bila upendeleo? Mwombaji akikataliwa, mkopo hauna kazi. Akikubaliwa, halmashauri inajipa kibali yenyewe kwa mlango wa nyuma. Jibu la kisheria ni kwamba kamati ya mipango huamua kwa hoja za mipango peke yake, na diwani mwenye masilahi hutakiwa kuyatamka na kukaa pembeni. Kwangu mimi jibu hilo linatosha pale tu ambapo karatasi zote ziko wazi: taarifa ya afisa imechapishwa, kikao kina milango wazi, mkopo umeandikwa kwenye kumbukumbu ambazo raia yeyote anaweza kuziomba. Uwazi ukiwepo, halmashauri kuweka pesa yake ni dalili ya kuamini inachokipitisha. Uwazi usipokuwepo, pesa hiyohiyo ingekuwa kashfa.

Namba iliyoandikwa kwenye hati

Sasa tufike kwenye kiini. Nyumba ziliuzwa kwa wenyeji waliozijenga kwa mikono yao ili wakae wenyewe, kwa asilimia 31.3 ya bei ya soko.

Tufanye hesabu kwa mfano wangu mwenyewe. Chukua nyumba ambayo sokoni ingeuzwa paundi 300,000. Asilimia 31.3 yake ni paundi 93,900. Mtu wa kipato cha kawaida akiwa na kazi ya kudumu anaweza kukopeshwa kiasi hicho. Punguzo la paundi 206,100 halikutoka kwenye mfuko wa mtu mmoja. Sehemu ilitoka kwenye bei ya ardhi, sehemu kwenye mkopo usio na riba, sehemu kwenye faida ya mwendelezaji ambayo haikuwepo kwa sababu mwendelezaji hayupo, na sehemu kwenye mikono ya wenye nyumba wenyewe.

Miaka inapita, bei za Rock zinaendelea kupanda, na nyumba ileile sokoni sasa ni paundi 500,000. Mwenyewe anataka kuhama. Anauza kwa asilimia ileile, 31.3, yaani paundi 156,500. Amepata ongezeko la haki juu ya alichoweka. Lakini hawezi kuchukua zile 500,000 na kumwachia mtu wa London funguo. Amana ina haki ya kununua kwanza, au kumleta mnunuzi mwingine wa parokia, na mkataba wa kifungu cha 106 cha Sheria ya Mipango ya 1990 unaifunga ardhi yenyewe. Sharti la aina hii halimfuati mtu. Linakaa na kiwanja, likimfunga kila atakayekimiliki baadaye.

Nilipoielewa hesabu hii vizuri nilikaa kimya muda mrefu. Kijijini kwetu pwani, mama yangu mdogo aliuza kiwanja cha karibu na ufuo kwa bei ambayo siku ile ilionekana ni ya ajabu. Alijenga chumba kimoja na kumsomesha mwanawe. Miaka michache baadaye kiwanja kile kiliuzwa tena na tena, na watoto wa shangazi zake sasa wanapanga vyumba kilomita kadhaa kutoka bahari waliyozaliwa wakiisikia. Hakuibiwa. Karatasi zote zilikuwa na mihuri. Hakukuwa tu na mtu aliyemwambia kwamba kuna njia ya kuuza leo bila kuwauzia na wajukuu.

Ila sharti la Rock lina udhaifu, na ungekuwa uchambuzi wa kipropaganda nikiuficha. Asilimia 31.3 imefungwa kwenye soko. Haikufungwa kwenye mishahara. Soko likipanda mara tatu na mishahara ikabaki palepale, asilimia ileile itamshinda fundi wa kizazi kijacho. Kuna amana nyingine Uingereza zilizochagua njia tofauti. Ile ya London iliyo na nyumba pale St Clements, Mile End, hupanga bei zake kwa kipimo cha kipato cha kawaida cha watu wa eneo. Njia hiyo ni ngumu zaidi kuwaeleza wenye benki, lakini mimi ningeichagua hiyo. Watu hulipa deni la nyumba kwa mshahara. Bei ya nyumba ya jirani haiwasaidii kulilipa.

Jamvi, kuta na saa tatu usiku

Ujenzi wenyewe uligawanywa kwa busara. Mkandarasi alifanya kazi za chini: njia, mabomba, msingi hadi jamvi, yaani sakafu ya zege ya chini. Kazi hizo zinahitaji mitambo na bima, na zikikosewa nyumba zote 12 zinaumia. Kuanzia jamvi kwenda juu, kazi ilikuwa ya wenye nyumba. Wote walikuwa na ajira zao mchana. Mwezi Juni jua la Cornwall halizami mpaka baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo mtu akitoka kazini bado ana jioni ndefu ya kupandisha kozi mbili tatu za ukuta, kupiga kenchi, kuvuta nyaya. Majira ya baridi hali ni nyingine, giza linaingia saa kumi na moja jioni haijafika.

Kujenga kwa pamoja kuna faida ambayo haiingii kwenye hesabu. Mmoja ni seremala, mwingine ni fundi bomba, mwingine hajui kitu lakini ana gari la kubebea. Wanabadilishana siku. Na siku wanahamia, tayari wanajuana kwa majina na kwa hasira. Lakini kujenga hivi kunachuja watu pia. Mama anayelea watoto peke yake, mtu mwenye mgongo mbovu, kijana ambaye benki haimkopeshi: hao hawakuwa na nafasi katika nyumba 12 za kwanza. Amana iliendelea na awamu ya pili, nyumba 8 nyingine za kujijengea na 4 za kupangisha. Hizo nne za kupangisha nazihesabu kuwa muhimu kuliko zote, kwa kuwa zilimkumbuka asiye na benki.

Zilipokaribia kwisha zile za kwanza, ukaja msukosuko wa fedha wa Septemba 2008. Benki za Uingereza zikafunga mikono. Katika hali ya kawaida benki huogopa nyumba zenye masharti ya bei, kwa sababu mkopaji akishindwa kulipa, benki inataka kuuza bila kufungwa na sharti lolote. Suluhisho linalotumika ni kuandika ndani ya mkataba kwamba benki ikilazimika kukamata nyumba, amana ipewe muda wa kununua kwanza, na isipofanya hivyo benki iuze huru. Kipengele hicho kinaumiza moyo, kwa kuwa kinaacha upenyo wa nyumba kutoka mikononi mwa kijiji. Bila hicho, lakini, hakuna mkopo, na bila mkopo deni la halmashauri halirudi. Nyumba 12 zilikamilika mwisho wa mwaka huo.

Tunalolijua tayari

Siandiki haya ili tuagize sheria ya Cornwall. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 tayari inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa maana hiyo mwanakijiji wa Tanzania ana silaha ambayo mtu wa Rock hakuwa nayo: mkutano ambao yeye mwenyewe anapiga kura, wakati wa Rock alikuwa anasubiri madiwani wa wilaya. Tunachokikosa mara nyingi ni kile kinachofuata baada ya mkono kunyanyuliwa. Kiwanja kikishagawiwa kwa mwenyeji, hatuweki maandishi yanayosema atakapouza atamuuzia nani na kwa kipimo gani. Mihtasari ya mikutano inaeleza vizuri sana kiwanja kimekwenda kwa nani, na inanyamaza kabisa kuhusu kitakwenda kwa nani baadaye.

Hapo ndipo ningemwomba mwenyekiti wa kijiji, diwani, na afisa ardhi wa wilaya wayaangalie yale mambo matatu ya Rock: paundi 10,000 kwa kiwanja, asilimia 31.3, haki ya kununua kwanza. Ni mistari mitatu inayoweza kuingia kwenye ukurasa mmoja wa muhtasari.

Halmashauri ya Wilaya ya North Cornwall yenyewe haipo tena. Ilifutwa tarehe 1 Aprili 2009, miezi michache tu baada ya nyumba kukamilika, pale wilaya zote sita za Cornwall na halmashauri ya kaunti zilipounganishwa kuwa Halmashauri moja ya Cornwall. Nembo ikashushwa, vitengo vikaunganishwa, simu zikabadilishwa namba. Waliokuwa madiwani wake wakarudi kwenye mashamba na maduka yao. Sharti walilolipitisha linasomwa upya kila mara mmoja wa wenye nyumba hizo anapomwita mthamini, akaandikiwa bei ya soko kwenye karatasi, kisha mtu wa amana akaizidisha kwa 0.313.